Gurudumu la Katikati: Historia Fupi ya Fokasi ya Darubini na Macho ya Mjomba Wangu

Utangulizi

Mwezi wa Desemba mwaka juzi, nikiwa likizoni, nilipanda mtumbwi pamoja na mjomba wangu katika kinamasi cha Mabamba, magharibi ya Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Mjomba wa upande wa mama sisi Waganda humwita kojja, nami nitamwita hivyo katika insha hii. Kojja ana umri wa miaka 54 na kazi yake ni kuwaongoza watalii wanaokuja kutazama ndege, hasa korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu.

Asubuhi ile tulikuwa na wageni wawili. Ndege mdogo alitua juu ya mafunjo, umbali wa kama mita kumi kutoka mtumbwini. Kojja aliinua darubini yake, akatazama, akataja jina. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alitazama kwa darubini yake mwenyewe, kisha akasema kwa upole kwamba haoni hivyo, huyo ni ndege mwingine. Alikuwa amesema kweli. Baada ya nusu saa jambo lile lile likatokea tena, na safari hii mpiga kasia alisikia. Wageni hawakulalamika na bahashishi walitoa. Lakini tulipokuwa tunarudi pwani Kojja alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, macho yamechoka. Nafikiri mwakani niwaachie vijana."

Sikumjibu, kwa sababu darubini ile niliinunua mimi. Alikuwa ameweka akiba karibu mwaka mzima, akanikabidhi shilingi 450,000 nimtafutie darubini nzuri mjini Kampala, kwa kuwa mimi "ndiye msomi". Katika duka moja nilionyeshwa darubini nzito ya 7x50, imara, nyeusi. Mwenye duka alisema ni aina ya mabaharia na wanajeshi, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishaiweka sawa mara moja huigusi tena. Nilitazama kibao cha ng'ambo ya barabara, nikatazama madereva wa bodaboda waliokaa chini yake, nikatazama paa la jengo la mbali. Vyote vilikuwa safi. Nikalipa. Nyumbani nikaiweka sawa kwa macho yangu, kisha nikazungushia selotepu kwenye lenzi zote mbili za jicho ili zisisogee. Nikamwambia Kojja asiiguse.

Mimi nasoma historia na Kiswahili, si fizikia. Lakini baada ya siku ile nilitaka kujua swali moja: kwa nini darubini nyingine zina gurudumu katikati, nyingine hurekebishwa jicho moja moja, na nyingine hazirekebishwi kabisa? Jibu nililolipata liko zaidi katika historia kuliko katika duka. Hoja yangu ni kwamba kila mfumo wa fokasi ulibuniwa kwa ajili ya mtazamaji fulani, anayetazama kitu fulani, kwa umbali fulani. Anayenunua darubini bila kujua hilo hununua macho ya mtu mwingine.

Fokasi ni nini?

Kabla ya historia, maana kwanza. Darubini ina lenzi ya mbele inayokusanya mwanga na lenzi ya jicho inayoikuza picha. Ili picha iwe kali, umbali kati ya lenzi hizo mbili lazima ulingane na umbali wa kitu kinachotazamwa. Kitu kikiwa mbali sana, lenzi hukaribiana. Kikiwa karibu, lenzi ya jicho lazima irudi nyuma kidogo, au kitu kingine ndani ya darubini kisogee badala yake. Kule kusogeza ndiko kuweka fokasi. Mifumo yote nitakayoieleza hutofautiana katika mambo mawili tu: ni kipande gani kinachosogezwa, na nani anakisogeza.

Neno letu la darubini lenyewe limesafiri. Limetoka katika Kiajemi, durbin, ambapo dur ni mbali na bin ni mwenye kuona. Kwa hiyo jina linasema kuona mbali, wala halisemi lolote juu ya kuona karibu. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanzia: nilidhani kazi ya darubini ni umbali peke yake.

Bomba la kuvuta

Historia iliyoandikwa ya darubini huanza Uholanzi. Mwezi wa Oktoba 1608, Hans Lipperhey, mtengenezaji wa miwani wa mji wa Middelburg, aliomba hataza ya chombo cha kuonea mbali kutoka kwa baraza kuu la nchi ile. Baraza lilipendezwa, kwani nchi ilikuwa na vita virefu na Hispania, lakini likamwomba jambo moja zaidi: atengeneze chombo cha macho mawili, tena kwa kioo cha mawe safi ya kristali. Yaani ombi la darubini ya macho mawili lina umri sawa na darubini yenyewe. Lipperhey alilipwa, ila hataza akanyimwa, kwa kuwa watu wengine nao walidai kujua siri ile.

Mwaka uliofuata Galileo alitengeneza yake huko Italia. Chombo cha aina hiyo kilikuwa na lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo nyuma, au tuseme moja iliyotuna na nyingine iliyobonyea, na fokasi yake ilikuwa ya kuvuta: bomba dogo liliingia ndani ya bomba kubwa, ukilivuta au kulisukuma mpaka picha ikae. Kwa jicho moja hilo halina shida. Mkono mmoja hushika na mwingine huvuta.

Bomba hilo la kuvuta lilifika hata kwetu. Mwaka 1862 John Hanning Speke alipofika Buganda katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, katika orodha ya zawadi alizozitoa, ambayo ameiandika mwenyewe katika kitabu cha safari zake, pamoja na bunduki, saa ya dhahabu, kiti cha chuma na shanga, kulikuwa na darubini moja. Nilipoisoma orodha hiyo maktaba nilicheka peke yangu. Mgeni alileta darubini Buganda zaidi ya miaka 150 iliyopita. Leo mgeni huleta darubini yake mwenyewe shingoni, na anayehitaji moja ni mwenyeji.

Ukumbi wa maonyesho na gurudumu la Paris

Shida ilianza pale mabomba mawili yalipofungwa pamoja. Mwaka 1823 Johann Friedrich Voigtländer wa Vienna alianza kutengeneza darubini ndogo za macho mawili kwa watu wa ukumbi wa opera. Zilikuwa bomba mbili za namna ya Galileo zilizounganishwa kwa daraja, na kila bomba lilikuwa na fokasi yake. Fikiria mtazamaji aliyekaa kwenye kiti chake: mwimbaji anasogea kutoka nyuma ya jukwaa kuja mbele. Mtazamaji avute bomba la kushoto, kisha la kulia, na akimaliza mwimbaji amekwisha ondoka.

Miaka miwili baadaye, 1825, Lemière wa Paris alileta suluhisho ambalo tunalitumia hadi leo. Katikati ya mabomba mawili aliweka gurudumu dogo juu ya skrubu. Ukilizungusha kwa kidole, daraja lililobeba lenzi zote mbili za jicho hupanda au hushuka kwa pamoja. Macho mawili, kidole kimoja.

Naomba msomaji atazame vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha insha. Gurudumu la katikati halikuzaliwa vitani wala baharini. Lilizaliwa katika ukumbi wa maonyesho, kwa ajili ya mtu anayetazama kitu kilicho karibu na kinachobadilisha umbali wake kila mara. Mwimbaji wa opera na ndege wa kwenye mafunjo wanafanana kwa hilo.

Jena, prizimu na vita

Darubini za opera zilikuwa na kasoro moja: ukikuza zaidi ya mara tatu au nne, eneo unaloliona huwa finyu kama unachungulia tundu la ufunguo. Kepler alikuwa ameeleza tangu 1611 namna ya kutumia lenzi mbili zilizotuna, ambazo hutoa eneo pana, lakini picha yake hupinduka, miguu juu kichwa chini. Mwaka 1854 Mwitalia Ignazio Porro alipata hataza ya kuigeuza picha hiyo kwa prizimu za kioo, ambazo pia hukunja njia ya mwanga na kufupisha bomba. Wazo lilikuwa sahihi, kioo cha wakati ule hakikutosha.

Kioo kilipatikana Jena, Ujerumani. Huko Ernst Abbe, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss, alishirikiana na Otto Schott, mtaalamu wa kioo, ambaye kiwanda chake kilianza mwaka 1884. Mwaka 1894 Zeiss walianza kuuza darubini ya prizimu ya macho mawili, yenye lenzi za mbele zilizotanuliwa kuliko nafasi ya macho ya binadamu, ili mtazamaji apate hisia nzuri ya kina. Hilo ndilo umbo ambalo mtoto yeyote akiambiwa achore darubini atalichora.

Katika darubini hizo za kwanza, kila jicho lilikuwa na fokasi yake. Lenzi ya jicho ilikaa kwenye uzi wa skrubu, ukaizungusha kama kifuniko cha chupa, kushoto kivyake na kulia kivyake. Kwa nini warudi kwenye njia ambayo Paris ilikuwa imeiacha miaka 70 kabla? Kwa kazi iliyokusudiwa, njia hiyo ilikuwa na faida. Daraja la Lemière hupanda na kushuka, na kila linapopanda huvuta hewa ndani, pamoja na vumbi na unyevu. Pia hulegea, ukiligandamiza kwa uso, upande mmoja huinama. Lenzi ya kuzungusha haina daraja. Ni rahisi kuizibia maji, na ni vigumu kuivunja. Ofisa wa jeshi au baharia kwenye meli hutazama vitu vilivyo mamia au maelfu ya mita mbali. Kwa umbali huo fokasi haibadiliki tena. Anaiweka asubuhi, anasahau.

Vita viliimarisha uchaguzi huo. Mwaka 1914 nchi nyingi zilijikuta zinategemea kioo cha adui. Uingereza, Lord Roberts aliwaomba raia watoe darubini zao kwa ajili ya askari, na mwaka 1915 maofisa wa serikali ile walitafuta njia ya kupata darubini za Kijerumani kupitia Uswisi, huku wakipigana na Wajerumani hao hao. Marekani nayo ilipoingia vitani, Franklin D. Roosevelt, ambaye wakati ule alikuwa naibu katika wizara ya jeshi la majini, aliwaomba wananchi waazime jeshi darubini zao; kila mwenye kutoa alipewa dola moja na kuahidiwa kurudishiwa chombo chake vita vikiisha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, majeshi makubwa yalikuwa yameshakaa kwenye mfumo mmoja. Darubini ya 6x30 ya askari wa Kijerumani na ya 6x30 ya askari wa Kimarekani zilikuwa za maadui, lakini fokasi yake ilikuwa sawa: jicho moja moja. Ya 7x50 ikawa chombo cha baharini, kwa kuwa lenzi yake ya mbele ya milimita 50 hukusanya mwanga mwingi wakati wa alfajiri na usiku. Baada ya vita, sifa ya "darubini ya jeshi" ikaingia sokoni na kubaki humo. Mwenye duka wa Kampala hakunidanganya. Aliniuzia kweli darubini ya baharia.

Kutoka bunduki hadi kitabu cha ndege

Wakati huo huo kulikuwa na historia nyingine, ya watu waliotaka kutazama karibu. Katika karne ya 19, mtaalamu aliyetaka kumtambua ndege kwa uhakika kwa kawaida alimpiga risasi kwanza, kisha akamshika mkononi. Mwaka 1889 Mmarekani Florence Merriam alitoa kitabu kuhusu kuwatambua ndege kwa kutumia darubini ya opera, na jina la darubini hiyo liko katika jina la kitabu. Kilikuwa chombo kidogo, chenye gurudumu la katikati, kilichotoka kwenye ukumbi wa muziki na kuingia bustanini. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson akachapisha mwongozo wake wa ndege, uliojengwa juu ya alama zinazoonekana kwa mbali ndege akiwa hai: mstari wa jicho, rangi ya bawa, umbo la mkia. Kwetu Afrika Mashariki, mwongozo wa John G. Williams, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi, ulitoka mwaka 1963. Kojja anayo nakala yake, imefungwa kwa gundi na nailoni.

Watazamaji hawa walihitaji gurudumu la Lemière, lakini walihitaji pia uzibaji wa baharia, kwa sababu kinamasi kina maji na umande kama bahari. Mgongano huo ulitatuliwa kwa kusogeza kitu kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Leitz wa Wetzlar walileta darubini ya Trinovid, nyembamba, yenye fokasi ya ndani. Katika mfumo huu gurudumu bado lipo katikati, lakini halisogezi lenzi za jicho. Huko ndani kuna lenzi ndogo inayotembea mbele na nyuma, na mwili wa nje hautikisiki. Hewa haivutwi. Darubini nyingi za watazama ndege za leo zimejengwa hivyo, zikafungwa kabisa na kujazwa gesi ya naitrojeni ili kioo kisiingie ukungu kwa ndani.

Kuna kipande kimoja cha mwisho ambacho wengi hukipuuza. Macho yetu mawili hayalingani. Darubini yenye gurudumu huwa na pete ya ziada, mara nyingi kwenye jicho la kulia, yenye alama za kujumlisha na kutoa. Unafunika lenzi ya mbele ya kulia, unaweka fokasi ya jicho la kushoto kwa gurudumu. Kisha unafunika ya kushoto, unatazama kitu kile kile kwa jicho la kulia na kuzungusha pete tu. Ukimaliza, pete huigusi tena, gurudumu linatosha. Pete hiyo ni ya mtu mmoja. Ukimwazima mwenzako darubini, lazima aiweke upya. Mimi niliweka macho yangu kwenye darubini ya Kojja, nikayafunga kwa selotepu.

Hesabu ya jicho la Kojja

Hata baada ya kusoma haya yote, bado kulikuwa na jambo lililonisumbua. Dukani nilitazama vitu vya mbali na vya karibu, na vyote vilikuwa safi bila kugusa chochote. Kwa nini kwangu iwe safi na kwa Kojja iwe na ukungu?

Rafiki ninayekaa naye bwenini anasoma fizikia. Alichukua karatasi akanionyesha hesabu fupi. Chukua umbali wa kitu kwa mita, ugawanye kwa ukuzaji wa darubini uliozidishwa kwa wenyewe. Darubini ikuzayo mara 7, saba mara saba ni 49. Ikiwa imewekwa fokasi ya mbali, ndege wa mita 10 hulilazimisha jicho kufanya kazi kama linasoma maandishi yaliyo karibu sentimita 20 kutoka usoni. Ndege wa mita 20 ni kama kusoma kwa sentimita 41. Kwa maneno mengine, darubini isiyorekebishwa haijaweka fokasi. Jicho lako ndilo linaloiweka kwa kujikaza, na wewe hujui.

Jicho la kijana wa miaka 20 na kidogo hujikaza bila taabu. Ndani yake kuna lenzi laini inayobadilika umbo. Lakini lenzi hiyo hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na mtu akivuka arobaini na kitu huanza kusogeza gazeti mbali na uso. Kojja husoma gazeti akiwa amenyoosha mkono, kama sentimita 65. Tulirudisha hesabu nyuma: sentimita 65 mara 49 ni takriban mita 32. Kila kitu kilichokuwa karibu kuliko mita 32 kilikuwa na ukungu katika darubini niliyomfungia. Na ndege wa mafunjo, mdiria, na hata korongo-nyangumi siku ya bahati, wote hukaa ndani ya mita hizo 32.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku ile na sikuliona. Furukombe aliyekuwa juu ya mti, ng'ambo ya maji, Kojja alimtambua kabla ya kila mtu. Tai wa angani pia. Makosa yote mawili yalikuwa ya ndege wa karibu. Mtu ambaye macho yamemchoka hakosei hivyo kwa mpangilio.

Hesabu hii inatufundisha pia juu ya zile darubini zinazouzwa kama "hazihitaji fokasi". Hazina ufundi wa ajabu ndani yake. Zimeondolewa gurudumu, na kazi imehamishiwa kwenye jicho. Kijana ataipenda dukani. Baba yake hataelewa kwa nini anaumwa kichwa. Kuongeza ukuzaji nako si dawa: darubini ya mara 8 isiyorekebishwa hugawanya kwa 64 badala ya 49, kwa hiyo kwa Kojja ukungu ungeanzia kwenye mita 42 hivi. Kinachoondoa ukungu ni gurudumu.

Kuchagua

Nilirudi kijijini wakati wa Pasaka na karatasi ile ya hesabu. Nilimweleza Kojja taratibu, nikaanza kwa kukiri kosa langu, kwa sababu kwetu mtoto wa dada hawezi kumfundisha mjomba kabla ya kuomba radhi. Nilitoa selotepu. Nikamwonyesha kibuyu kwenye ua wa jirani, nikamwambia azungushe kushoto, kisha kulia. Alizungusha. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe!" Akageukia mti wa mbali, ukawa na ukungu. Akacheka. "Sasa ndege atanisubiri nizungushe hapa na hapa?"

Alikuwa amegundua mwenyewe kile ambacho watu wa opera walikigundua 1823.

Darubini ile tulimuuzia nahodha wa boti ya mizigo iendayo visiwa vya Ssese, kwa shilingi 300,000. Yeye hutazama nchi kavu, boti na mawingu; kwake ni chombo sahihi kabisa, na lenzi zake pana humsaidia kabla ya jua kuchomoza. Pengo lililobaki nililijaza mimi kwa kuwachapia watu tasnifu zao. Safari hii tulikwenda mjini wawili, na aliyeshika darubini ni Kojja. Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Alifanya majaribio manne tuliyoyapanga pamoja, nami nayaandika hapa yamfae mwingine.

Kwanza, alitazama kitu cha mbali, kisha kitu cha mita tatu, akahesabu ni mara ngapi kidole kinazungusha gurudumu. Likizungushwa mno, ndege ameruka. Likiwa jepesi mno, unapita picha kali na kurudi. Pili, aliuliza umbali wa karibu kabisa ambao fokasi inafika, na hakukubali jibu la mdomo, alitazama kadi ya bei iliyokuwa kwenye meza. Tatu, alizungusha gurudumu kushoto na kulia haraka kuona kama lina mchezo, yaani linageuka kidogo bila picha kubadilika. Nne, alitazama kama lenzi za jicho zinatoka nje anapozungusha. Hazikutoka, kwa hiyo fokasi ilikuwa ya ndani. Ilikuwa 8x42 iliyokwishatumika, yenye mikwaruzo kwenye mpira wa nje. Tuliichukua.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mifumo ya fokasi haikufuatana kama ngazi, kutoka mbaya hadi nzuri. Fokasi ya jicho moja moja ilikuwepo Vienna, ikaachwa Paris, ikarudi Jena, na ingali bora baharini hadi leo. Gurudumu la katikati lilibuniwa kwa ajili ya jukwaa na likaja kuwafaa watazama ndege. Fokasi ya ndani ilipatanisha mahitaji ya pande hizo mbili. Na darubini isiyo na fokasi humwomba mtazamaji awe kijana daima. Historia ya chombo hutueleza chombo kilikusudiwa kumtumikia nani, na mnunuzi aiulize kabla ya kuuliza bei.

Kwa sisi tunaosoma historia kuna somo la pili. Kojja alikuwa tayari kuacha kazi ya miaka mingi kwa sababu alipoona ukungu alijilaumu mwenyewe, hakulaumu chombo. Mimi msomi nilikuwa tayari kukubaliana naye. Vyombo vingi hutufikia namna hiyo, vimebuniwa kwa mwili wa mtu mwingine na mahali pengine, na visipotufaa tunadhani kasoro ni yetu.

Mwezi uliopita Kojja alinipigia simu kutoka pwani ya Mabamba. Hakuzungumza juu ya darubini. Alisema tu kwamba asubuhi mdiria alitua kwenye kasia lenyewe, karibu mita tatu, na wageni wote wakageuka kumuuliza yeye ni aina gani. Aliwatajia.